Uvimbe Uliosingiziwa Kamba: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, mkaazi wa mtaa wa Langoni katika mji wa Lamu, aliyekuwa akitibiwa shinikizo la damu na, baadaye, kisukari pia. Alifikishwa hospitalini baada ya sala ya ishaa kwa mkokoteni, kwa kuwa vichochoro vya mtaani kwake havipitiki kwa gari, akiwa ameketi na kuinamia mbele, leso mdomoni, mate yakimtoka kwa sababu hakuweza kuyameza. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba zaidi upande wa kulia, na ulimi ulikuwa umejaa hata ukasukuma meno ya mbele. Mwanawe aliyemsindikiza alitoa maelezo kabla hajaulizwa: "Daktari, mama ana aleji ya kamba. Aliwahi kukatazwa asile, na leo mchana nyumbani kumepikwa kamba."

Jina la mama huyu na alama zinazoweza kumtambulisha nimeziacha. Kisa chenyewe nakiandika kwa urefu kwa sababu maelezo ya mwana, yaliyotolewa kwa nia njema na ambayo mhudumu yeyote wa afya angeyapokea, yalikaribia kuificha sababu ya kweli. Na sababu hiyo imo katika sehemu ya kinga ya mwili ambayo huandikwa kidogo mno katika lugha yetu, yaani vimeng'enya vinavyokata protini pamoja na vizuizi vinavyovidhibiti.

Alipopimwa, presha ilikuwa 162/94, mapigo ya moyo 98 kwa dakika, na oksijeni ya damu asilimia 97. Hakuwa na vipele wala muwasho popote mwilini. Kifua kilikuwa safi, bila mlio wa pumu, na hakuwa ametapika. Ni muhimu kuyataja haya yasiyokuwepo kwa sababu ndiyo yaliyobeba maana kubwa zaidi usiku ule. Mzio mkali unaohatarisha maisha kwa kawaida huja na zaidi ya dalili moja: ngozi huwasha na kutoka mabaka, kifua hubana, tumbo husokota, na mara nyingi presha huanguka. Mama huyu alikuwa na uvimbe peke yake, na presha yake ilikuwa juu.

Hata hivyo alitibiwa kwanza kama mwenye mzio, na hilo lilikuwa sawa. Alidungwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, akapewa haidrokotizoni miligramu 200 na klorofeniramini miligramu 10 kwa mshipa, kisha adrenalini ikarudiwa. Nasisitiza usahihi wa hatua hiyo kwa kuwa anayesita kutoa adrenalini huku akitafakari vimeng'enya anaweza kumpoteza mgonjwa ambaye kweli ana mzio. Lakini dawa zina ushuhuda wake. Saa nzima ilipita, ulimi haukupungua hata kidogo, na sauti yake ilizidi kuzibika. Uvimbe usiosikia adrenalini, wala stiroidi (haidrokotizoni), wala dawa ya kuzuia histamini (klorofeniramini), unaeleza kwa njia yake kwamba histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, si mhusika.

Hapo muuguzi wa zamu akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililogeuza kisa kizima: mama anameza dawa gani kila siku? Mkaza mwana alikuwa amebeba mfuko wa dawa. Ndani yake mlikuwa na metformini ya kisukari, hidroklorothiazidi ya presha, enalaprili ya miligramu 10, nayo ya presha, aliyoitumia kwa takriban miaka miwili, chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu, vidonge vya parasetamoli, na pakiti ya amoksilini ambayo haijafunguliwa. Hivi viwili vya mwisho vilikuwa vya asubuhi ileile, kwani mama alikuwa ameng'olewa gego la juu upande wa kulia.

Kila kimoja katika mfuko ule kilikuwa na la kusema. Amoksilini inajulikana kwa kuleta mzio, lakini hakuwa ameionja. Dawa ya kikohozi ilitufanya tuulize kikohozi cha nini, tukaambiwa ni kikohozi kikavu cha miezi mingi, kinachomsumbua zaidi usiku, ambacho hakikuwahi kutoa makohozi na hakikupona kwa dawa yoyote. Na ule mzio wa kamba ulitokana na tukio moja tu: miezi kadhaa iliyopita mdomo wa chini ulimvimba kutwa nzima, ukanywea wenyewe kesho yake, na katika kliniki moja akaambiwa ajiepushe na kamba na pweza. Hakuulizwa kuhusu vidonge vya presha, akaendelea kuvimeza.

Enalaprili ni ya kundi la dawa zinazozuia kimeng'enya kinachogeuza anjiotensini. Kimeng'enya hicho kimetapakaa juu ya seli zinazotandaza mishipa ya damu ndani, hasa katika mapafu, na kazi yake ni kunyofoa asidi amino mbili kutoka mwisho wa minyororo mifupi ya protini. Wengi wanakijua kwa kazi moja: huikata anjiotensini ya kwanza ikawa anjiotensini ya pili, ambayo hukaza mishipa na kupandisha presha. Ukikizuia, presha inashuka, na ndiyo sababu ya kuandikiwa dawa. Kazi yake nyingine haisemwi katika chumba cha daktari, nayo ni kuivunja bradikinini.

Bradikinini ni mnyororo mdogo wa asidi amino 9. Inapogusa kipokezi chake katika seli za ukuta wa mshipa, seli hizo hujivuta na kuacha nafasi kati yake, na majimaji ya damu hupenya kwenda kwenye nyama. Mahali penye ngozi laini na tishu zilizolegea, kama midomo, ulimi, kope na koo, majimaji hayo hujikusanya haraka. Katika hali ya kawaida bradikinini haimalizi hata dakika moja kwenye damu kabla haijakatwa. Aliyemeza enalaprili, mkataji wake mkuu amefungwa mikono.

Bradikinini yenyewe inatoka wapi? Hapa ndipo kinga ya mwili inapoingia, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Katika damu huzunguka protini kubwa iitwayo kininojeni, ambayo ndani yake bradikinini imefungwa kama sehemu ya mnyororo mrefu. Kinachoitoa ni kimeng'enya kiitwacho kalikreini, ambacho huikata kininojeni sehemu mbili na kuiachia bradikinini. Kalikreini nayo haizunguki ikiwa macho. Huzunguka katika umbo lililolala, hadi iamshwe na kimeng'enya kingine, fakta ya 12 ya damu, ambayo huamka inapokutana na tishu zilizojeruhiwa au sura fulani za vijidudu. Kisha kalikreini iliyoamka hurudi kuamsha fakta ya 12 zaidi, na mwendo huo huongeza kasi wenyewe. Kwa njia hii jeraha dogo linaweza kutoa mawimbi ya bradikinini kwa muda mfupi sana.

Mwili haukujiwekea mtambo huo kwa bahati mbaya. Palipojeruhiwa au palipoingia bakteria panahitaji damu zaidi, panahitaji kingamwili na protini nyingine za ulinzi zitoke kwenye mshipa, na panahitaji seli nyeupe zipate njia ya kupita. Uvimbe na maumivu ya pale ni gharama ya msaada huo. Mfumo wa komplementi, yaani kundi la protini za damu zinazopambana na vijidudu, hufanya kazi kwa mtindo uleule: vimeng'enya vya C1r na C1s vikishaamshwa na kingamwili iliyoshika kijidudu, C1s huzikata protini za C4 na C2, vipande vyake huunda kimeng'enya kipya kinachoikata C3, na mnyororo unaendelea hadi kijidudu kitobolewe ukuta wake. Seli nyeupe za nutrofili hubeba elastasi ya kumeng'enyea protini za bakteria. Seli za T zinazoua hutumia granzimu kuziingilia seli zilizoambukizwa virusi. Hata seli za masti, zinazoongoza mzio wa kweli, hazitoi histamini pekee. Hutoa pia triptasi, ambayo ni kimeng'enya cha kukata protini, na kiwango chake kikipimwa katika damu ndani ya saa chache za mwanzo husaidia kuutambua mzio mkali. Kinga, kwa sehemu kubwa sana, ni kazi ya kukata.

Wenye ujuzi wa kukata si sisi tu. Bakteria Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa na ugonjwa wa fizi, hutoa vimeng'enya vyake vinavyoweza kuamsha kalikreini, hivyo bradikinini hutoka pale fizini na kumletea bakteria majimaji yenye lishe. Staphylococcus aureus ana kimeng'enya kinachoweza kuzitoa kinini, jamii ya bradikinini, moja kwa moja kutoka kwenye kininojeni. Kwa hiyo kinywa chenye gego bovu, kisha gego hilo likang'olewa asubuhi, ni mahali ambapo mtambo wa bradikinini ulikuwa na kila sababu ya kuamka. Uvimbe wa mama huyu ulianzia upande wa kulia juu, upande uleule wa jino. Hatuwezi kuthibitisha kwa kipimo kwamba jino ndilo lililochochea, lakini majeraha ya kinywa na kazi za meno zinajulikana kuwa vichocheo vya uvimbe wa aina hii kwa wanaotumia dawa za kundi la enalaprili, na mpangilio wa saa unakubaliana na hilo.

Silaha zenye makali kiasi hiki haziwezi kuachwa bila walinzi, ndiyo maana sehemu isiyo ndogo ya protini za damu ni vizuizi vya vimeng'enya. Muhimu kuliko vyote kwa kisa hiki ni kizuizi cha C1, cha ukoo wa serpini. Namna serpini inavyofanya kazi ni ya ajabu na inastahili kuelezwa. Ina kitanzi kinachojitokeza nje, chenye sura ileile ambayo kimeng'enya hupenda kuikata. Kimeng'enya hukivamia na kukata, lakini mara tu kinapokata, kitanzi hujifyatua na kujichomeka katikati ya serpini, kikikiburuta kimeng'enya hadi upande wa pili na kukipinda kiasi kwamba hakiwezi kumaliza kazi wala kujinasua. Ni kama dema la kuvulia lenye chambo, samaki akiingia hatoki, isipokuwa dema hili hutumika mara moja tu, na mtego na samaki huondolewa pamoja. Kwa hiyo kila kimeng'enya kinachozimwa hugharimu molekuli moja ya kizuizi, na mwili unapaswa kuvitengeneza bila kukoma.

Kizuizi hiki kimoja hulinda milango kadhaa: huzima C1r na C1s katika mfumo wa komplementi, na huzima kalikreini na fakta ya 12 katika mtambo wa bradikinini. Wako watu wanaozaliwa na upungufu wake, takriban mtu 1 kati ya 50,000, na hao huvimba uso, mikono, koo na utumbo mara kwa mara katika maisha yao. Heinrich Quincke aliueleza uvimbe wa aina hii mwaka 1882, William Osler akaeleza mwaka 1888 kwamba unaweza kurithiwa katika familia, na mwaka 1963 Virginia Donaldson na Richard Evans wakaonyesha kwamba kinachokosekana ni kizuizi cha C1. Ilitupasa kujiuliza kama mama huyu ni mmoja wao. Umri ulipinga, kwa sababu upungufu wa kurithi kwa kawaida hujitokeza utotoni au ujanani. Familia nayo ilipinga: hakuna mzazi, ndugu wala mtoto mwenye historia ya kuvimba au ya maumivu ya tumbo yasiyoelezeka. Ilibaki aina inayopatikana ukubwani, ambayo huandamana na baadhi ya saratani za seli za kinga, na ili kuiondoa shakani damu ilipelekwa kupimwa C4 nje ya kisiwa. C4 hushuka pale ambapo C1s haina mlinzi, kwa kuwa hukatwa ovyo hata bila kijidudu. Jibu lilipokuja lilikuwa la kawaida. Mlinzi wake yupo na anafanya kazi.

Sasa kisa kinakaa sawa. Kinga ya mama huyu haikukosea, wala vizuizi vyake vya kuzaliwa havikupungua. Bradikinini ilitolewa kwa sababu inayoeleweka, kwenye jeraha la jino, kwa kiasi ambacho mtu mwingine asingekitambua. Kilichokosekana ni kuiondoa. Kikohozi cha miezi mingi ni ushahidi wa awali wa jambo hilohilo, kwani kurundikana kwa bradikinini na kemikali nyingine zinazovunjwa na kimeng'enya hichohicho katika njia za hewa ndiko kunakohusishwa na kikohozi kikavu cha dawa hizi. Mwili wake ulikuwa umetoa taarifa mara mbili, kwa kikohozi na kwa mdomo uliovimba, kabla ya usiku ule.

Historia ya dawa yenyewe inaonyesha kwa nini hili halikupaswa kumshangaza yeyote. Mwaka 1949 huko São Paulo, Brazili, Maurício Rocha e Silva, Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld waligundua bradikinini walipokuwa wakichunguza athari za sumu ya nyoka jararaca, Bothrops jararaca, kwenye damu. Katika miaka ya 1960 Sérgio Ferreira alionyesha kwamba sumu ya nyoka huyohuyo ina vipande vidogo vya protini vinavyoirefushia bradikinini maisha kwa kuzuia inavyovunjwa. Vipande hivyo vilikuja kuonekana kuwa vinazuia pia kimeng'enya kinachogeuza anjiotensini, na kutokana na njia hiyo ya utafiti David Cushman na Miguel Ondetti wakaunda kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalaprili ni ndugu yake mdogo. Kwa maneno mengine, kuirefushia bradikinini maisha ndiko kulikogunduliwa kwanza, na kushusha presha kukafuata. Uvimbe wa ulimi ni sura ya pili ya kazi ileile.

Msomaji atauliza kwa nini basi mamilioni humeza dawa hizi bila kuvimba. Ni kwa sababu bradikinini ina wakataji wengine wa akiba: aminopeptidasi P, karboksipeptidasi N, neprilisini, na kwa njia isiyo ya moja kwa moja hata kimeng'enya cha DPP-4, ambacho hukaa pia juu ya seli za T za kinga. Ushahidi wa wazi kabisa wa akiba hiyo ulipatikana kwa bei kubwa. Iliundwa dawa iitwayo omapatrilati, iliyozuia kimeng'enya cha anjiotensini na neprilisini kwa pamoja. Katika jaribio lake lililohusisha wagonjwa 25,302, uvimbe huu uliwapata asilimia 2.17 ya walioitumia, dhidi ya asilimia 0.68 ya waliotumia enalaprili, na kwa watu weusi kiwango kilikuwa asilimia 5.54 dhidi ya 1.62. Dawa ikaachwa. Kufunga mlango mmoja wa kutokea kunavumilika kwa wengi, lakini wa pili ukifungwa, hesabu inabadilika.

Tofauti hiyo ya watu weusi si jambo la kupita haraka kwa mtu anayetibu Pwani ya Kenya. Katika jaribio kubwa la dawa za presha liitwalo ALLHAT, lililochapishwa Marekani mwaka 2002, uvimbe huu uliwapata asilimia 0.4 ya waliopewa lisinoprili, dawa ya kundi la enalaprili, lakini kwa washiriki weusi ilikuwa asilimia 0.7. Mwongozo wa shinikizo la damu wa Uingereza unapendelea kundi la losartani, dawa za presha zisizozuia kimeng'enya hiki, badala ya kundi la enalaprili kwa watu wenye asili ya Afrika. Nionavyo mimi, mgonjwa wetu anayeandikiwa enalaprili anastahili kuambiwa siku ileile, kwa lugha anayoielewa, kwamba mdomo au ulimi ukivimba aache kidonge na aje hospitalini, hata kama amekimeza miaka mingi kwa amani. Wengi huvimba katika wiki za mwanzo, lakini wengine huvimba baada ya miaka, na muda huo mrefu ndio unaompoteza mhudumu, kwani hafikirii kushuku dawa iliyozoeleka.

Turudi kwenye usiku wenyewe. Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa wa safari. Familia ilitaka mama avushwe hadi Mokowe kwa boti na kupelekwa Malindi au Mombasa, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa huko kuna vifaa zaidi. Lakini njia ya hewa inayojifunga haipaswi kutolewa hospitalini ikiwa haijalindwa. Ndani ya boti gizani, au barabarani kati ya Witu na Garsen, hakuna anayeweza kupasua shingo na kuingiza mpira wa kupumulia. Mtaalamu wa usingizi aliitwa, vifaa vya kufungua koo kwa upasuaji viliwekwa kando ya kitanda, mama akaachwa ameketi kama alivyopenda mwenyewe, na oksijeni ikawashwa. Mwana alielezwa yote haya akakubali, ingawa kwa uchungu.

Tiba mahususi za bradikinini, kama ikatibanti inayoziba kipokezi chake au kizuizi cha C1 kilichosafishwa, hazikuwepo. Ni haki kusema kwamba hata zingekuwepo jibu lisingekuwa jepesi: jaribio dogo la mwaka 2015 lenye wagonjwa 27 lilionyesha kwamba ikatibanti hufupisha uvimbe wa dawa hizi kwa kiasi kikubwa, lakini jaribio kubwa zaidi la mwaka 2017 lenye wagonjwa 121 halikuona tofauti. Damu ya plazma iliyogandishwa ina kimeng'enya chenyewe cha kuvunjia bradikinini na hutumika mahali pengi, japokuwa huongeza kininojeni pia. Kilichokuwepo kwenye kabati ni asidi ya traneksamiki, iliyowekwa kwa ajili ya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Dawa hii huzuia plazminojeni isigeuke plazmini, ambayo nayo ni kimeng'enya cha kukata protini, na plazmini ni mmoja wa wanaoamsha fakta ya 12. Gramu 1 ilitolewa polepole kwa mshipa. Ushahidi wake kwa uvimbe huu ni wa visa vichache tu, na sitaki msomaji achukue kisa hiki kuwa uthibitisho, kwa kuwa uvimbe wa bradikinini hupungua wenyewe kati ya saa 24 na 72 dawa ikishaachwa. Kabla ya alfajiri ulimi uliacha kuongezeka. Jioni yake mama alikunywa uji.

Alipoweza kusema vizuri alisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Mwanangu, mimi kamba nimewala tangu sijajua kuvaa buibui, na hata walipokataza nimewala. Jana sikula kitu. Jino lilikuwa linaniuma, nimekunywa chai tu." Kamba walikuwepo nyumbani kweli, ila yeye hakuwagusa, na baada ya katazo la kwanza alikuwa amewala mara nyingi bila kudhurika. Nyumba nzima ilikuwa imemtengea chungu chake kwa miezi, na kwa mji unaoishi kwa bahari katazo kama hilo si dogo. Lakini madhara makubwa ya katazo lile yalikuwa mengine: liliipa familia jibu, na aliyekwisha kupata jibu haendelei kutafuta.

Enalaprili iliachwa moja kwa moja na mahali pake pakachukuliwa na amlodipini, dawa ya presha ya kundi jingine. Kikohozi kilikoma katika wiki zilizofuata. Baada ya muda mfupi mdomo ulimvimba tena kidogo, na familia ikahofu kwamba tumekosea. Lakini kurudi kwa uvimbe mwepesi katika wiki za kwanza baada ya kuacha dawa ni jambo linalojulikana, na ule ulinywea bila tiba. Haukurudi tena. Presha yake imetulia chini ya 140/90.

Kadi yake sasa imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asipewe dawa yoyote ya kundi la enalaprili, iwe kaptoprili, lisinoprili, ramiprili au perindoprili, kwa sababu hatari ni ya kundi zima na kubadilisha jina la kidonge hakuiondoi. Losartani imeachwa kama chaguo la baadaye, kwa tahadhari, ikiwa figo zitaihitaji. Imeongezwa pia kwamba sakubitrili, dawa ya moyo inayozuia neprilisini, isitumike kwake, na kwamba dawa za kisukari za kundi la gliptini, zinazozuia DPP-4, zisianzishwe bila kufikiriwa upya. Neno "kamba" limefutwa kwenye mstari wa mzio.